Anzeni Bondeni

Wadogo zangu mnaoshika bomba sasa, nimepata habari kwamba ratiba mpya imebandikwa ukutani pale yadi, na Bondeni imewekwa mwisho kabisa, baada ya maghorofa, baada ya kumbi za harusi, baada ya ule mtaa wenye mageti ya umeme. Masika yako mlangoni. Mie si mfanyakazi tena na karatasi ile siwezi kuigusa. Lakini nyie ndio mtakaopanda gari asubuhi, na anayepanda gari anaweza kuuliza swali kabla halijawashwa. Nawaandikia ili mjue swali lenyewe.

Kwa msomaji asiyetufahamu: kampuni yetu inanyonya vyoo. Mabomba ya majitaka ya jiji yanafika sehemu chache tu. Kwingine kote, kuanzia Temeke mpaka huku Chanika ninakoishi, watu wana mashimo, na mashimo hujaa. Manispaa haina magari ya kutosha, kwa hiyo inatoa vibali kwa kampuni za watu binafsi. Ofisini tunaitwa watoa huduma. Mtaani tunaitwa vyura.

Nilikuwa chura miaka kumi na saba, na kwa mtu kama mie hiyo ni ajabu. Nilizaliwa Temeke. Nilipomaliza kidato cha nne niliuza mitumba Pugu, nikafyatua matofali, nikaenda Lindi kufuata korosho msimu mmoja nikarudi na homa bila korosho. Sijawahi kukaa nyumba moja zaidi ya miaka mitatu. Hata sasa, nyumba yangu haijapata dari na tayari naiangalia barabara inayoendelea mbele. Wenzangu hustaafu na miaka sitini. Mie mgongo umenistaafisha na arobaini na saba. Gari la majitaka likipita hapa barabarani nasimama mpaka lipotee kwenye kona. Mke wangu anasema wanaume wengine wanakumbuka wachumba wao wa zamani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chilumba, Mmakonde aliyekuja Dar kuchonga vinyago, akagundua kwamba watalii wana msimu lakini vyoo havina. Uchongaji hakuuacha. Ufito wetu wa kupimia kina cha shimo aliuchonga kichwani sura ya mzee aliyeziba pua kwa vidole viwili, mashavu yamemjaa pumzi. Wateja waliukumbuka ufito ule kuliko jina la kampuni.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili: usimuulize baba mwenye nyumba shimo liko wapi. Baba atakuonyesha pale alipomlipa fundi achimbe. Muulize mama. Mama ndiye anayepiga deki, naye anajua ni wapi sakafu inabadilika sauti. Mara tatu nilimdharau, mara tatu nikafukua uwanja wa watu bure.

La pili, opoa kabla ya kunyonya. Mnajua wenyewe vinavyotupwa humo: matambara, nywele za bandia, chupa, viatu vya mtoto mguu mmoja mmoja. Kijana mmoja wa Tabata aliwahi kutusihi tumtafutie simu yake, akaapa ina picha zote za marehemu baba yake. Mzee Chilumba akamtazama kwa huruma kabisa.

"Ipigie kwanza, mwanangu," akamwambia. "Ikipokelewa, mie nashuka."

Hakuna kushuka. Hilo ndilo la tatu, na halina utani. Hewa ya mle inaua mtu kabla hajamaliza kusema "nivuteni". Usishuke hata kiuno, usisimame juu ya mfuniko wa zamani, usiwashe sigara. Shimo likiwa gumu, mimina maji na chumvi usiku kucha lilainike, kisha rudi kesho. Anayekwambia hana muda wa kusubiri kesho, mpe ndoano aopoe mwenyewe.

Kosa langu kubwa la mikono lilitokana na somo hilo la pili. Nilizembea kuopoa. Tambara likaziba bomba, nami nikafungua kiungo cha bomba bila kumwambia dereva azime mashine. Ilikuwa siku moja kabla ya Idi, na kwenye kamba ya nguo palikuwa na kanzu mpya za baba, watoto na wajukuu, zimepangwa kama safu ya swala. Sitaeleza zaidi. Mwenye nyumba alitoka akasimama, akazitazama kanzu, akanitazama mie. "Hii ndiyo Idi Mubaraka yenu?" akauliza. Tulizifua mpaka magharibi, mie na Mzee Chilumba, na kila nikisuuza moja yeye anainusa na kunirudishia.

Kuna jambo jingine ambalo hamtafundishwa yadi. Ukiomba maji ya kunywa, utaletewa kwenye kopo. Litakuwa kopo la siagi au la rangi lililooshwa, halafu mtoto atakwambia, "Mama kasema uende nalo tu." Miaka yangu ya mwanzo hilo lilinichoma kuliko harufu. Mzee Chilumba alining'iniza kikombe chake cha bati kiunoni. "Cha kwangu hakinibagui," alikuwa akisema. Watu wanataka tuondoe uchafu wao na tuondoke pamoja nao. Likumbukeni kopo hilo, nitalirudia.

Sasa Bondeni. Gari letu haliingii kule. Lami inaishia juu, kwenye maduka, kisha ni vichochoro vya kupishana mabega mpaka kwenye mfereji. Chini kabisa kuna kisima cha Bi Mwanaidi, Mzaramo ambaye ukoo wake ulikuwa pale wakati eneo lote ni mihogo na mikorosho. Kisima alikichimba mumewe. Mabomba yanapokauka, na yanakauka sana, nyumba zote za chini huchota kwake maji ya kuoga, kufulia, na ya kuchemsha wanywe. Hatua kama thelathini juu ya kisima ipo nyumba ya vyumba sita ya Baba Shadya, fundi cherehani, na choo kimoja cha wapangaji wote.

Mnajua kutapisha, lakini nieleze kwa wasiojua. Mvua kubwa ikishuka, mwenye choo kilichojaa anachukua sululu, anatoboa ukuta wa shimo upande wa chini, na maji ya mvua yanachukua kila kitu. Shimo linabaki tupu bila kuita gari. Watu hawafanyi kwa ubaya. Wanafanya kwa sababu babu zao walifanya wakati chini yao kulikuwa na mihogo tu, na kwa sababu sisi hatukuwahi kufika.

Mwaka mmoja, masika yakikaribia, Baba Shadya alinisimamisha kule juu kwenye lami. Alikuwa na sululu mpya begani.

"Chura wangu," akaniambia, "lile la kwangu limefika shingoni. Mvua ya kwanza tu, natapisha."

"Usitapishe, Baba Shadya. Chini kuna kisima."

"Nakijua kisima, nami naoga maji yake. Sasa nifanyeje? Wapangaji sita na familia zao niwaambie wajizuie?"

"Weka sululu chini," nikamwambia. "Jumamosi tuko kwako. Tutaingia na ndoo kama hatuna jingine."

"Neno la mwanamume?"

"Neno la mwanamume."

Akaishusha, akaiegemeza kwenye ukuta wa duka mbele ya macho yangu.

Mwenye kampuni alikuwa Mama Rehema. Msije mkamfikiria vibaya. Alianza na gari moja bovu alilonunua baada ya kuuza kiwanja cha urithi, akatulipa hata miezi ambayo yeye mwenyewe alikula kwa shemeji yake. Lakini Ijumaa jioni ukumbi mmoja wa harusi ulipiga simu, mashimo yao matatu yamejaa na yanarudisha uchafu juu. Jumamosi gari likaenda ukumbini. Mie ndiye niliyeshika bomba. Nilijua Baba Shadya ananisubiri, na sikusema kitu. Nikajiambia nitakwenda Jumatatu, mvua hazijaanza.

Mvua ikaanza Jumamosi ileile mchana, tukiwa bado ukumbini.

Jumatatu nilimkuta Bi Mwanaidi ameketi juu ya mfuniko wa kisima chake, kanga mbili, miguu ameikunja, kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Umekuja kunyonya kisima?"

 Akaniambia mjukuu wake Shani na watoto wengine wanne wa nyumba za chini wako kituo cha afya tangu jana kwa kuharisha, wanatundikiwa maji. Niwaambie mapema wadogo zangu: wote walipona. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua kama watapona, na nataka mkae kidogo na asubuhi ile.

"Bibi," nikasema, "aliyetapisha ni Baba Shadya."

"Baba Shadya namjua. Nimemsema tangu jana na nitamsema mpaka Mungu anichoke. Nakuuliza wewe. Alikuwa ameshika sululu, ukamwambia aweke chini. Aliweka, hakuweka?"

"Aliweka."

"Basi."

Neno hilo moja lilinifanyia kazi kuliko matusi. Nilipanda ule mlima mpaka yadi kwa miguu, na nilipofika sikuvua hata buti. Mzee Chilumba aliponiona uso, akachukua ufito wake akanifuata ofisini.

"Mama, tumewatenda vibaya watu wa Bondeni," nikasema.

Mama Rehema alisikiliza mpaka mwisho. Alipoguswa na habari za watoto, alivua miwani. Kisha akaivaa tena.

"Pole yao, kweli pole. Lakini mie sio serikali, mwanangu. Mie nina gari moja, nina mkopo, na nina nyie kumi na wawili mnaotaka kula. Serikali ikitaka niingie vichochoroni, initengenezee njia."

"Watoto hawawezi kusubiri njia."

"Na benki nayo inaweza kusubiri watoto?"

 Wadogo zangu, nawaambia kweli, hata leo ile hoja yake siidharau. Anayewaambia kwamba kampuni inaweza kuishi kwa huruma hajawahi kununua tairi la gari la majitaka.

Mzee Chilumba ndiye aliyejibu. Aliulaza ufito mezani, juu ya makaratasi. Alikuwa ameuosha, lakini Mama Rehema hakujua hilo, akarudisha kiti nyuma.

"Mama," mzee akasema, "kile kibali kwenye fremu ukutani kimeandika tuhudumie wapi?"

"Kata nzima. Unakijua."

"Nakijua. Hakijaandika kata yenye lami."

Mama Rehema akageukia fremu ile.

"Ulipokwenda kukiomba," akaendelea taratibu, "ulisema tutafika kila nyumba. Ungesema utafika kwenye lami tu, wangempa mwingine sehemu iliyobaki. Sasa tumekaa juu ya kibali kama kuku juu ya mayai ya mwenzake. Hatuatamii, na mwenyewe hakaribii."

Mama Rehema alikuwa bado anakitazama kile kibali. Kisha akasema, "Mzee, kiondoe hicho kitu mezani kwangu." Tukadhani tumefukuzwa. Akaongeza, "Na mnitafutie buti namba thelathini na nane."

Alishuka Bondeni siku hiyohiyo. Bi Mwanaidi hakumkaripia. Alimwonyesha tu, kwa kidole, mstari kutoka ukuta uliotobolewa mpaka kwenye kisima, ambao ulikuwa bado haujakauka.

Mnaojiuliza ile pampu ya mkono na mapipa ya mifuniko ya kukaza vilitoka wapi, vilitoka kwenye mstari huo. Mama Rehema aliacha kutafuta gari la pili na akanunua pampu ya kusukuma kwa mikono, mapipa na guta, kile kigari cha kusukuma. Gari linasimama kwenye lami. Pampu na mapipa yanaingia vichochoroni, yanarudi yamejaa, yanamwagwa kwenye gari. Manispaa, walipoona tumeanza wenyewe, walileta kifusi na kusawazisha ile njia kuu ya katikati ili guta lipite. Hawakuleta kabla. Sisemi hivyo kuwalaumu, nasema ili mjue nani anaweza kuanza.

Na ndipo tulipojifunza kanuni ambayo sasa naona imefutwa ukutani. Zamani tulianza juu na kushuka, kwa sababu juu ndiko gari linakofika na ndiko simu zinakotoka. Mzee Chilumba akatugeuza. Maji hushuka, akasema, kwa hiyo anayekaa chini hupokea makosa ya wote. Kila mwaka, majuma matatu kabla ya masika, tuanze na nyumba zilizo jirani na kisima, tupande nyumba kwa nyumba, tuzimalize zote kwa mfululizo, na wa maghorofa tuwahudumie baadaye. Mama Rehema aliogopa atapoteza wateja wakubwa. Ule ukumbi wa harusi ulisubiri siku nne, ukanuna, ukalipa. Hakuna harusi iliyovunjika. Na vichochoro vilipokubali kufanyiwa kazi kwa pamoja, siku moja kila kichochoro, mafuta yaliyokuwa yakipotea kwa safari za nyumba mojamoja yakabaki kwenye tangi. Kampuni haikufa. Mnaipanda mpaka leo.

Baba Shadya alisukuma guta wiki nzima ya kwanza bila kuombwa. Ukuta wa shimo aliujenga upya kwa saruji, na ile sululu akamletea Bi Mwanaidi, akailaza mlangoni. Bi Mwanaidi akailimia bamia.

Kisima kilisafishwa na vijana wa mtaa. Walikamua maji yote, wakasugua kuta, wakasubiri yajae, wakakamua tena. Bwana afya akatia dawa, akachukua sampuli, akarudi na majibu mara mbili. Alipotangaza kwamba maji yanafaa tena, ilimradi ya kunywa yachemshwe kama zamani, watu walifurahi, lakini hakuna aliyeshusha ndoo. Wamama walisimama na ndoo zao tupu wakitazamana. Mtu akishaona mtoto wake ametundikiwa maji, karatasi ya bwana afya haimtoshi.

Bi Mwanaidi akashusha ya kwanza mwenyewe. Akaingia nayo ndani. Tulisikia jiko linapulizwa. Kisha akatoka na sinia, na juu yake, badala ya makopo, vikombe vya udongo vyenye maua na ukingo wa dhahabu, vile vinavyokaa kwenye kabati la kioo vikisubiri wakwe. Harufu ya tangawizi ikatangulia.

"Vyura wote mbele," akaita. "Na mama yenu wa ofisini."

Mzee Chilumba akapeleka mkono kiunoni, akaanza kufungua kikombe chake cha bati.

"Hicho kiache hapohapo," Bi Mwanaidi akamwambia. "Leo unanywea changu."

"Bibi, mikono yetu..."

"Nimeiona mikono yenu. Imeondoa ya kwangu na ya jirani zangu. Nyie ndio mlionichafulia kwa kutokuja, na nyie ndio mtakaowaonyesha watu kwamba mmekuja. Kunyweni. Nimeyachemsha, sijawa muuaji."

Tukanywa, mtaa mzima ukitutazama midomo. Mama Rehema alikunywa hadi tone la mwisho, akageuza kikombe kuonyesha kimekwisha, na hapo ndipo ndoo ya kwanza iliposhuka kisimani, kisha ya pili, kisha sikuweza kuzihesabu. Mzee Chilumba alikishika kile kikombe kwa mikono miwili. Miaka yote niliyofanya naye kazi sijawahi kumwona ameshika kitu cha mtu kwa namna ile.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila mwaka, tukimaliza nyumba ya mwisho ya Bondeni, tunateremka kunywa chai ya kisima, na mwenye kampuni anakunywa wa kwanza. Mzee Chilumba alikunywa mpaka mwaka aliofariki. Ufito wake aliniachia mie, nami nimehama nao nyumba tatu.

Mama Rehema sasa amepumzika kazi, na meneja mpya simjui sana. Naambiwa ni kijana msomi na mwenye adabu. Amepanga ratiba kwa umbali na mafuta, na kwa umbali na mafuta yuko sahihi. Hajanywa ile chai tu. Kwa hiyo msimtukane, wala msigome. Kabla dereva hajawasha gari, mwombeni ashuke nanyi Bondeni asubuhi moja, asimame kwa Baba Shadya, atazame chini. Mwulizeni: mvua ikinyesha leo, hiki kinakwenda wapi? Kisha nyamazeni, mwacheni atazame. Na kibali bado kiko kwenye fremu. Kimeandika kata nzima.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, mtanikuta getini pale yadi na ufito wangu. Mgongo hautaniruhusu kusukuma guta, lakini kupima naweza, na kusema naweza.

Jana Bi Mwanaidi alinipigia. Sauti imekuwa nyembamba, ila maneno ni yaleyale. Shani, yule mjukuu, sasa ana mtoto wake, na amerudi kuishi hapo nyumba ya chini.

"Mwanangu, mawingu nayaona," akaniambia. "Vikombe nimeshavitoa kabatini, nimeviosha. Halafu nasikia mwaka huu hamji kwanza kwetu. Niambie tu, nivirudishe?"

Nikamwambia aviache mezani.